Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Vituo vya Uangalizi vya Vita ya 1916

Ndugu Wanachama,

Kazi kubwa ya chama mwaka huu imekuwa kwenye vilima vya Kondoa. Aprili 1916, wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, majeshi ya Afrika Kusini chini ya Jenerali van Deventer yaliuteka mji wa Kondoa Irangi. Mei, Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Wajerumani, alijaribu kuukomboa akashindwa. Baada ya hapo pande hizo mbili zilikaa zikichungana kutoka vilimani, huku Wajerumani wakiupiga mji kwa mizinga, ukiwamo mmoja uliookolewa kutoka manowari Königsberg iliyoangamia Rufiji mwaka 1915.

Kuta za mawe na mahandaki tuliyoyakagua hayafiki hata kiunoni, na mgeni aliyezoea maboma atavunjika moyo. Thamani yake imo katika mahali yalipo, kwani anayesimama pale huiona barabara ya kuingia mjini na mabonde yanayoizunguka, akaelewa mara moja kwa nini askari waliwekwa pale. Kwa hiyo siungi mkono pendekezo la kuyahamishia mawe hayo makumbusho.

Uharibifu unatokana zaidi na watu kuliko mvua. Wapo wanaochukua mawe kujengea misingi, na wapo wanaochimba usiku wakitafuta rupia za Mjerumani, ingawa sijaona sababu ya askari aliyelala handakini akisubiri kushambuliwa kuzika hazina hapo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hailindi moja kwa moja masalia ya karne ya 20. Ni lazima Waziri ayatangaze katika Gazeti la Serikali. Uingereza, baadhi ya vituo vidogo vya Royal Observer Corps, kikosi cha raia waliochunga anga, ambavyo navyo havina urembo wowote, vimekwisha kusajiliwa na kulindwa kisheria.

Kibao tutakachoweka kisiishie kwa majenerali. Kitaje wapagazi waliobeba risasi na chakula, pamoja na njaa ya Mtunya iliyoikumba Ugogo kati ya 1917 na 1920, baada ya majeshi kuchukua nafaka, mifugo na vijana, kisha ukame ukafuata.

Hesabu za fedha atazisoma Mweka Hazina. Kamati inaomba mkutano huu uidhinishe mambo mawili: kuwasilisha maombi ya ulinzi wa kisheria kupitia Halmashauri, na kuzungumza kwanza na wazee na wenye mashamba yanayopakana na vilima hivyo, kabla mipaka yoyote haijapimwa.