Harambee ya maktaba: nakala moja, wanafunzi arobaini na watano

Wazazi, walimu na nyote mliosomea hapa, hamjambo.

Kabatini mwa idara yetu ya Kiingereza mna nakala moja tu ya tamthilia inayohusu kesi ya Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, ile aliyoiandika Profesa Micere Githae Mugo pamoja na Ngũgĩ wa Thiong'o, ikachapishwa mwaka 1976. Jalada limeshikiliwa na selotepu, na kurasa za mwisho zimeliwa na panya. Muhula uliopita Kidato cha Tatu waliisoma kwa zamu, watano watano kwa dawati moja. Msichana mmoja alinakili onyesho zima kwa mkono, kwenye daftari la Hisabati. Nilipomwuliza sababu, alinijibu kuwa zamu yake huisha kabla hajafika anapopataka.

Na Micere si mgeni kwetu. Alizaliwa Baricho, papa hapa Kirinyaga, mwaka 1942, binti wa walimu. Alikuwa miongoni mwa wasichana Waafrika wa kwanza kupokelewa katika shule iliyokuwa ya wazungu watupu. Akasoma Makerere, akaenda Kanada, akarudi kufundisha fasihi Chuo Kikuu cha Nairobi, na huko akawa mwanamke wa kwanza nchini kuwa mkuu wa kitivo. Mwaka 1982 alilazimika kukimbia nchi na mabinti wake wawili, kisha akavuliwa uraia. Zimbabwe ndiyo iliyompa uraia mwingine. Alimalizia ualimu wake Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani, na akafariki huko Juni 2023. Mashairi yake hayakuandikwa yasomwe kimya. Mmoja anatoa sauti, waliokaa wanaitikia, kama bibi na wajukuu jikoni jioni.

Kwenye mkutano wa wazazi, baba mmoja aliuliza kama ushairi utalipa karo. Swali ni halali, hata mimi nina wawili wa kulipiwa. Ila mtihani wa fasihi haumsubiri mtoto aliyekosa kitabu.

Tunataka kuigeuza stoo ya zamani ya mahindi iwe maktaba. Vitabu ni shilingi 210,000, rafu na meza 95,000, madirisha na umeme 75,000. Jumla 380,000. Tumeshapata 112,400, na mzee mmoja jirani ametoa miti miwili ya mkaratusi, tayari imepasuliwa mbao. Kilichobaki ni 267,600. Mwenye mia mbili atoe mia mbili, mwenye kitabu alichokwisha kukisoma akilete. Risiti zote zitabandikwa ubaoni nje ya ofisi, na mweka hazina atazisoma kwa sauti mbele yenu.

Harambee ni Jumamosi ya kwanza baada ya shule kufunguliwa, saa nne asubuhi, uwanjani. Kutakuwa na mnada wa ndizi na kuku, na chai ipo, ila njoo na kikombe chako. Wanafunzi wataghani mashairi ya Micere, nanyi mtaitikia. Atakayenyamaza atatozwa faini ya shilingi 50, hata akiwa mgeni wa heshima.