Barua kuhusu yadi ya treni ndogo inayobebeka

Kassel, Ujerumani

Ndugu yangu mpendwa,

Nakusalimu sana wewe pamoja na jamaa wote wa hapo Tabora. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kama ilivyoniacha mimi.

Mara ya mwisho tulipozungumza uliniuliza inakuwaje watu wazima wanahangaika na treni za kuchezea, nami nikakuahidi kukuandikia kwa utulivu, kwa sababu jibu lake linahitaji ujuzi wako wa kupanga mabehewa hapo Tabora. Kikundi chetu kinafuata kanuni za FREMO, chama cha wapenzi wa treni ndogo kilichoanzishwa hapa Ujerumani mwaka 1981. Kila mwanachama hujenga nyumbani kipande kimoja au viwili vya njia, akavileta kwenye ukumbi, navyo vikaunganishwa na vya wenzake mpaka reli ikaenea kutoka mlango hadi mlango. Ili vipande vya watu wasiowahi kuonana vikutane sawasawa, vipimo vya ncha vimewekwa: kwa treni za ukubwa wa moja kwa themanini na saba, yaani zilizo ndogo mara 87 kuliko za kweli, reli huwa na upana wa milimita 16.5, na juu yake iwe sentimita 130 kutoka sakafuni. Reli yenu ya mita moja, ukiipunguza kwa kiwango hicho, ingekuwa kama milimita 12 tu.

Mwaka huu nimepewa kazi ya kuchora yadi ya kupangia mabehewa. Nimeona wengi wakianza kwa kuhesabu njia, wakachora nane au kumi, kisha wakaikatakata ile picha ili ienee garini. Mimi nimeanza na gari. Buti ya gari langu hubeba vipande vya sentimita 120 kwa 50, nami huvifunga viwili viwili, uso kwa uso, kwa mbao za plaiwudi kwenye ncha, hivyo vikawa sanduku moja linaloweza kushushwa ngazi na watu wawili bila kugusa reli wala miti ya bandia iliyo ndani. Vipande sita ni masanduku matatu, na zaidi ya hapo safari moja haitoshi. Kwa hiyo yadi yangu ina mita saba na sentimita ishirini, na kila jambo lingine limelazimika kukaa humo.

Ndani ya urefu huo, sehemu niliyoipigania kuliko zote ni njia ya kuvutia, ile ambayo kichwa cha treni hurudi nayo kikiwa na mabehewa kabla ya kuyasukuma kwenye njia zake. Ulinieleza zamani kwamba njia hiyo ikiwa fupi, mtu hukata treni mara mbili kwa kazi ya mara moja, na tena akiazima njia kuu, kila treni inayokuja hulazimika kumngoja. Nimechukua treni yetu ya kawaida: mabehewa kumi na matano ya sentimita 12.2 kila moja ni kama sentimita 183, na kichwa sentimita 20, jumla mita mbili na ushei. Basi nimeipa njia hiyo vipande viwili vizima, ikienda sambamba na njia kuu bila kuigusa. Wenzangu walisema ni kupoteza nafasi ambayo ingetosha njia mbili zaidi za kuegesha. Sikukubali, na sitakubali.

Ugumu wa kweli umo kwenye pointi, yaani pale njia moja inapogawanyika kuwa mbili. Njia tano zinahitaji pointi nne zinazofuatana kama vidato vya ngazi. Nimeachanisha njia kwa milimita 52, ambazo ni mita nne na nusu za reli halisi, na ndiyo nafasi ya kuingiza vidole viwili kunyanyua behewa lililoanguka. Kwa pointi zenye mlalo wa moja kwa sita, yaani zinazoachana kipimo kimoja kwa kila sita vya kwenda mbele, kila kidato husogea mbele sentimita 31, kwa hiyo vinne ni kama sentimita 125, na kipande kimoja kina 120 tu. Jaribu langu la kwanza, miaka mitatu iliyopita, lilipitisha maungio ya vipande viwili katikati ya pointi. Njiani ubao mmoja uligonga ukingo wa gari, ncha ya ulimi wa pointi, ile reli inayosogea, ikapinda kiasi cha unene wa ukucha, na tangu asubuhi hiyo kila behewa la tatu liliruka hapo. Nililala chini ya ubao siku nzima nikilehemu, huku treni za watu zikingoja.

Safari hii pointi ya kwanza nimeipeleka mwishoni mwa kipande cha njia ya kuvutia, na maungio yapite kwenye zile sentimita chache za reli tupu kati yake na ya pili. Hata baada ya kuihamishia huko, njia ya kuvutia inabaki na zaidi ya mita mbili na sentimita kumi. Kwenye ukingo wa kila ubao reli zimelehemewa juu ya skrubu za shaba zilizozama ndani ya mbao. Vipande vilifungwa kwanza kwa bolti, reli ikalazwa nzima, ndipo nikaikata kwa msumeno mwembamba, kwa hiyo ncha zinalingana kwa sababu zilikuwa reli moja.

Kipande cha sita kitakuwa na pointi za upande wa pili, ili kichwa kilicholeta treni kipate kutoka na kuzunguka.

Limebaki jambo moja ambalo hakuna kitabu kinachonijibu. Ulipokuwa ukishantia, yaani ukipanga mabehewa, hapo Tabora, treni za Kigoma na za Mwanza zikiwa zimechanganyika, ulikuwa ukisimama upande gani wa pointi, ule wa njia kuu au ule wa nje? Nitapanga vitufe vya kugeuzia pointi na mahali pa kusimama kwa mujibu wa jibu lako, na mara vikishafungwa ubaoni havihamishiki. Ukiweza, nichoree kwa mkono wako jinsi njia zilivyokaa, hata kwa penseli, kisha mpe mwanao aipige picha na kunitumia. Nitaweka mbao kando mpaka nipate.

Wasalimie wazee na watoto.

Ni mimi rafiki yako.