Anza na waya, bando baadaye

Soweto, Mbeya

Ndugu yangu Ambakisye,

Ugonile! Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote nimekwama pale unaposema chumba cha kompyuta kitasubiri mpaka shule ipate hela ya bando. Nani kakudanganya? Mtandao si lazima uwe na intaneti. Ziunge hizo kompyuta 12 kwenye swichi moja, yaani kile kisanduku cha matundu ya kuchomekea nyaya za mtandao, zitaongea zenyewe: printa moja itawatosha wote, na zoezi ukiliweka kwenye mashine yako wanafunzi watalifungua palepale. Swichi chukua ya matundu 16, maana printa na ruta, kisanduku kinachozipa mashine anwani, nazo zinataka nafasi.

Kila kompyuta iwe na waya wake mpaka kwenye swichi, usizidi mita 100. Ndani utakuta nyuzi 8 zimesokotwa mbilimbili. Msokoto huo ndio unaozuia kelele za umeme kutoka nyuzi jirani, kwa hiyo ufumue kidogo tu, kama sentimeta moja. Kisha nyuzi zinaingia kwenye kichwa, ile plagi ndogo ya ncha ya waya. Klipu yake ikitazama chini, panga kuanzia kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Ncha zote mbili hivyohivyo. Vichwa vitatu vinne vya kwanza utaviharibu, usijali, ni bei ya karanga.

Kinachosumbua hasa ni anwani, zile namba za kuitambulisha kila mashine kwenye mtandao. Ruta ndiyo inayozigawa, kila mashine na yake. Mwaka jana nilifunga ofisi moja hapa mjini, nikaongeza ruta ya pili ili waifai ifike chumba cha nyuma. Nusu ya mashine zikaacha kuiona printa! Nilishinda nakata vichwa vizima na kuvibana upya, mwenye ofisi ananiletea chai, mwisho hata chai ikakoma. Jioni ndipo nikatazama anwani: nyingine zinaanza 192.168.0, nyingine 192.168.1, na mianzo ikitofautiana hivyo mashine hazionani. Ruta mbili zilikuwa zinagawa kwa wakati mmoja. Nikaizima moja isigawe, kwisha kazi. Siku hizi natazama anwani kabla sijashika koleo.

Sasa ile ofisi ya mkuu ng'ambo ya uwanja. Tafadhali usirushe waya wa shaba kutoka jengo hadi jengo, hata kama umbali unaruhusu. Mvua za Tukuyu unazijua kuliko mimi. Radi ikipiga karibu tu, umeme unaingia kwenye shaba na kuua swichi pamoja na kompyuta zilizochomekwa. Hapo tumia faiba, waya wa uzi wa kioo unaopitisha mwanga; kioo hakipitishi umeme. Ila umwambie muuzaji unataka isiyo na chuma ndani, maana nyingine zina uzi wa chuma wa kuzitundikia.

Pima uwanja kwa kamba, si kwa hatua zako ndefu hizo, unitumie urefu kabla ya Ijumaa. Jumamosi nashuka na koleo na kipimio cha waya. Mwambie shemeji ndizi asizimenye mapema.

Wako,
Lusajo