Zile wiki za kungoja majibu ya mtihani wa Leta, mtoto akae tu?

Bwana Muhariri,

Jambo kwako na kwa wote wanaotumika hapo gazetini. Mimi ni fundi wa kubobina mota, yaani kuzungusha upya waya za mota zilizoungua, hapa Kamalondo, Lubumbashi, si mtu wa kuandika sana, mkono wangu umezoea waya ya shaba kuliko biki, kwa hiyo mkikuta makosa nyoosheni tu. Naandika ju ya kitu kinachonikasirisha kila mwaka mwezi ule ule, na mwaka huu kimeingia mpaka nyumbani kwetu.

Wote tunajua vile inakuwaga. Mtoto anamaliza zile siku nne za mwisho za mtihani wa Leta, ule wa serikali wa kumaliza sekondari, anarudi, anatupa ile unifomu kwenye kona, halafu kuanzia hapo ni kungoja. Analala mpaka saa nne, anashika simu, anatumwa kuchota maji, jioni anakaa barabarani na wenzake. Wiki zinapita. Halafu siku moja majibu yanatoka, mtu anapiga kelele, poda nyeupe inamwagwa kichwani, mama anacheza njiani, pikipiki zinapiga honi avenue nzima, na kabla ile poda haijaoshwa mjomba ameshauliza ya chuo kikuu, "Sasa unaingia fakilte gani?" Na mtoto anajibu. Anajibu chochote, maana atanyamaza vipi mbele ya watu wote wale na poda kichwani? Na hicho chochote ndicho kinageuka maisha yake.

Mimi nilijibu "sheria". Ilikuwa 2002, nimetoka seksio komersiale, ile ya biashara sekondari, na mjomba ndiye alikuwa anaenda kulipa minervali, ada ya chuo, na mjomba alikuwa anapenda sana watu wa kravati (tai). Hakuna mtu kwetu aliyewahi kuona avoka, yaani wakili, akifanya kazi. Tulikuwa tunaona suti yake tu akishuka kwenye gari. Nikaingia chuo kimoja cha hapa mjini, sitakitaja, oditwari, ukumbi wa masomo, imejaa mpaka wengine wanakaa dirishani, profesa namsikia kama redio ya jirani. Mwaka wa kwanza nikaurudilia. Mwaka wa pili yake nikaanguka tena, nikaacha. Sisemi sheria ni masomo mabaya, rafiki yangu tuliyeanza naye leo ni avoka mzuri na ndiye ninamkimbilia nikipata matata. Lakini yeye alikuwa anapenda kusoma makaratasi tangu utoto. Mimi toka nina miaka kumi nilikuwa nafungua redio, natengeneza pasi ya mama, na kila mtu nyumbani alikuwa anajua hivyo, pasi yenyewe wote walikuwa wanaitumia! Ila siku ya kuchagua hakuna aliyekumbuka ile pasi, hata mimi mwenyewe.

Kilichoniokoa ni mzee mmoja aliyetoka Gécamines, kampuni ya Leta ya migodi, na ile départ volontaire (kuacha kazi kwa hiari) ya 2003, pamoja na wenzake zaidi ya 10,000. Alikuwa amefungua atelie chini ya mwembe, anabobina mota za mashini za kusaga na pompi za maji. Nilienda pale 2004 kupeleka mota ya jirani, nikabaki nimesimama namwangalia mpaka akasema, "Mutoto, ao unatafuta kazi, ao unatafuta kuiba." Nikamwambia kazi. Miezi ya kwanza nilikuwa nafagia na kuhesabu. Ndiyo, kuhesabu, ju kabla hujatoa bobina iliyoungua unahesabu waya imezunguka mara ngapi, unapima unene wake, unaandika, halafu ndipo unakata. Ukipunguza mizunguko mota itawaka na mteja atafurahi, ila itachemka na baada ya siku chache itarudi imeungua tena, na safari hii jina linalochafuka ni lako. Hakuna aliyenieleza katika oditwari kwamba mimi ni mtu wa kupenda kuhesabu vitu vidogo kwa utulivu. Nilijijua pale chini ya mwembe. Mshahara? Bukari (ugali) ya saa sita, na Jumamosi moja moja pesa ya sabuni.

Lakini nisiwadanganye wazazi wakadhani ufundi ni asali. Miaka zaidi ya mitano nilikuwa na mikono bila karatasi. Siku kampuni moja inayotumikia migodi ilipotafuta mtu wa mota za umeme nilienda, nikajaribiwa, nikaweza, halafu wakaniuliza karatasi iko wapi. Sikuwa nayo. Wakamchukua mwingine, na huyo mwingine baadaye alikuwa ananipigia simu jioni kuniuliza maswali! Nilicheka kwa hasira. Baadaye ndipo nikaenda INPP, chuo cha Leta cha mafunzo ya ufundi, kusomea umeme wa viwanda, miezi kadhaa, na hapo mambo yakabadilika. Ile INPP ipo tangu 1964, waajiri wanaikatia mchango kwa sheria, ipo hapa hapa mjini, na bado utakuta mzazi anauza kiwanja ili mtoto aingie fakilte asiyoipenda wakati hajawahi hata kupita kwenye ule mlango kuuliza wanafundisha nini na bei gani. Na tangu ile sheria ya soutraitance ya 2017, inayotaka kazi ndogo za makampuni makubwa zipewe makampuni ya Wakongomani, wasudéli (wachomeleaji), mafundi umeme na watu wa injini kubwa wanatafutwa zaidi, ila wanatafutwa wenye mikono NA karatasi. Kwa hiyo nyie mafundi wenzangu mnaokaa na vijana bure miaka mitatu, siku anaondoka mwandikieni hata ukurasa mmoja mweke saini, amejifunza nini na muda gani. Inakupotezea nini?

Sasa nirudi kwa zile wiki za kungoja, maana ndiyo hasa iliyonileta hapa. Mtoto wa dada yangu, binti, mwaka huu amemaliza sekondari, seksio ya biokimia. Familia nzima ilikuwa imeshaamua, docteur, imeisha. Dada yangu ameshaanza kuitwa mama docteur sokoni na mtoto hajajua hata kama amepita. Nikasema tungoje kwanza, huyu ana wiki nyingi za bure, nipeni mimi.

Wiki ya kwanza nilimpeleka kwa rafiki yangu infirmière, yaani muuguzi, A1 mwenye diploma ya chuo, mtu wa kazi kweli kweli, nikamwomba akae naye tu, abebe maji, aangalie. Nilidhani atakimbia damu. Damu hata haikumshtua. Alirudi siku ya nne amenyamaza, akaniambia, "Mujomba, damu naweza. Kile siwezi ni mama wa mgonjwa akiniangalia usoni." Nikamwambia hiyo nayo inazoeleka kwa wengine, usikate bado, ila iweke akilini, ju udaktari ni miaka sita, saba, si mchezo, na ile sura ya mama wa mgonjwa utaiona kila siku ya hiyo miaka na baada yake. Wiki ya pili akaja ateliéni kwangu, siku mbili tu akachoka, akaniambia wazi kwamba waya zinamtia usingizi. Niliumia kidogo, sitaficha.

Wiki ya tatu hata si mimi niliyepanga. Jirani yetu ana shamba la kuku upande wa Annexe, vifaranga vilikuwa vinakufa, akamwita mtu wa mifugo, na binti akaenda nao kwa kupanda tu gari. Akarudi usiku. Kesho yake akaomba kurudi, na kesho kutwa tena. Alikuwa amejaza daftari nzima, chanjo gani siku ya ngapi, kwa nini maji yao yasilale, kwa nini jogoo mmoja anawekwa mbali. Sasa anasema anataka vétérinaire, udaktari wa mifugo, na UNILU, chuo kikuu cha hapa Lubumbashi, fakilte hiyo wanayo, hata mji hatutoki. Mjomba wake mwingine amekasirika, anasema hatukusomesha mtoto awe muganga wa kuku. Huyo huyo kila Jumapili anakula kuku! Labda binti atabadilisha mawazo tena kabla ya kuandikishwa, ni haki yake, lakini safari hii atabadilisha akiwa ameona kitu.

Kuna wanaosema basi mtoto apumzike mwaka mmoja kwanza. Kwetu hiyo inaitwa kupoteza mwaka, na mara nyingi ni kweli unapotea, ila si lazima. Kijana mmoja wa avenue yetu hakuwa na minervali, akaenda Kasumbalesa, mpakani, kufanya kazi kwenye kibanda cha kutuma pesa kwa simu, wakaandikiana na baba yake kwenye karatasi kwamba ni miezi kumi, kiasi hiki kinawekwa, kiasi hiki cha kula. Alirudi na pesa yake na akaingia shule akiwa anajua hesabu kuliko wenzake. Mwenzake alienda Kolwezi kuchimba madini, akasema miezi mitatu tu ya kutafuta pesa ya kuanzia. Leo ni mwaka wa nne, pesa anaipata na anaimaliza, na mama yake kila akisikia shimo limeanguka mahali anashika simu kwanza. Mwaka bila tarehe ya mwisho ndio huo.

Na kwa msichana ni mbaya zaidi, tusijifiche. Mvulana akikaa nyumbani mwaka, anakaa. Msichana akikaa anageuzwa mpishi na yaya wa watoto wa kaka zake, na mwezi wa sita wanaume wameshaanza kupita kuulizia mahari, na baba anaona heri, mzigo umepungua. Kama mmeamua binti angoje mwaka, andikeni atafanya nini, Jumatatu mpaka Ijumaa, nje ya jikoni.

Jambo moja tu nitaligusa haraka. Kuchagua kwenyewe kunaanzaga mapema kuliko tunavyodhani, pale mwaka wa nane wa shule, kuna hata mtihani wa Leta wenye neno la kuelekeza katika jina lake, TENASOSP. Mwanangu aliufanya, akaleta majibu, nikaangalia kama amepita au hakupita, nikafunga. Sikumuuliza kitu kingine. Seksio akaifuata ile ya rafiki zake. Hilo kosa ni langu. Halafu watu wanasahau kwamba seksio zingine ni kazi tayari, aliyemaliza pedagogia anaweza kufundisha shule ya msingi na diploma ile ile, si lazima aende chuo kwanza ndipo aitwe mtu.

Bwana Muhariri, ombi langu kwenu ni dogo. Kila mwezi wa saba, mitihani ikiisha, tupeni kona moja gazetini, watu wa kazi mbalimbali waeleze siku yao ilivyo kweli, mpika mikate, infirmière, avoka, dereva wa Kasumbalesa, mwalimu, na waseme wako tayari kupokea watoto wangapi waje kuangalia kwa siku chache. Bila picha za kravati. Mkikubali, niandikeni mimi wa kwanza: atelie ya kubobina, Kamalondo, napokea wawili kila wiki mpaka majibu yatoke, wasichana na wavulana, hakuna kulipa, bukari ya saa sita ipo. Waje na viatu vya kufunika, kandambili hapana, verni (vanishi) ikidondoka kwenye kidole haitoki leo wala kesho.

Fundi mota,
Kamalondo, Lubumbashi