Asiyeogopa Chochote ni Maiti

Mhariri,

Kurasa za ushauri magazetini zimezoea kumpa msomaji zoezi moja: fumba macho, vuta pumzi, jione unaishi bila hofu wala kujitilia shaka. Msomaji hufumba, akajiona amesimama mbele za watu maneno yakimtiririka, moyo ukamtulia kwa dakika kumi. Akifumbua macho, mkutano wa kesho uko palepale. Sisi tunaofanya kazi ya unasihi hatulipingi zoezi hilo. Tunachosema ni kwamba limekatwa katikati, na nusu iliyoachwa ndiyo yenye kazi.

Tuanze na hayo maneno "bila hofu". Wahenga waliosema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, hawakuwa wakimsifu mwoga bure. Yupo mwanamke wa Marekani anayejulikana katika maandiko ya kitabibu kwa herufi mbili tu, S.M. Ugonjwa adimu wa kurithi uliharibu amigdala zake zote mbili, yaani vile viungo vidogo vya ndani ya ubongo, vyenye umbo la lozi, vinavyopiga king'ora cha hatari. Taarifa juu ya kutotambua kwake hofu zimekuwa zikichapishwa tangu 1994. Nyoka na buibui hawamtishi. Hutaka hata kuwashika. Lakini maisha hayo hayakumletea raha. Amewahi kutishwa kwa kisu na kwa bunduki, na huwasogelea watu ambao mwingine angewaona kwa mbali akabadili njia. Hata yeye, katika jaribio lililochapishwa 2013, alipovutishwa hewa yenye asilimia 35 ya hewa ya ukaa, alishikwa na kiwewe kikali, kwa kuwa hofu ya kukosa pumzi inaweza kuzuka bila kupitia amigdala. Basi hofu haing'oki yote, na anayeahidi kuing'oa anauza asichokuwa nacho. Kinachowezekana ni kuishi nayo huku usukani ukiwa mikononi mwako.

Kasoro ya pili inawashangaza wengi. Njozi tamu ikiachwa peke yake huweza kumrudisha mtu nyuma. Mwaka 1991 mwanasaikolojia Gabriele Oettingen na mwenzake Thomas Wadden waliandika juu ya wanawake waliokuwa katika mpango wa kupunguza uzito. Waliokuwa na njozi tamu zaidi za kujiona wamekwisha pungua ndio waliopungua kidogo zaidi. Waliopima uwezo wao wakatarajia kufaulu walipungua zaidi. Kuota na kutarajia, kumbe, ni vitu viwili. Kazi za baadaye za Oettingen zilionyesha kwamba mtu akiwa katika njozi ya namna hiyo hata shinikizo la damu hushuka: mwili hulegea kana kwamba safari imekwisha, na nguvu za kuianza hazipo.

Yale maneno ya kujisifu mbele ya kioo nayo yana kasoro hiyohiyo. Mwanasaikolojia Joanne Wood na wenzake, mwaka 2009, waliona kwamba watu wasiojithamini wakirudiarudia kwamba wao ni watu wa kupendwa, walijisikia vibaya kuliko wenzao ambao hawakurudia lolote. Sababu yake ni rahisi: kila ukilitamka jambo usiloliamini, akili inakuletea ushahidi wa kulipinga, na ushahidi huo inao tele.

Sasa nusu iliyoachwa. Wanasihi Steve de Shazer na Insoo Kim Berg, waliofanya kazi Milwaukee, Marekani, walikuwa na swali waliloliita la muujiza. Usiku wa leo umelala, muujiza umetokea, tatizo lako limekwisha, ila hakuna aliyekuambia kwa sababu ulikuwa usingizini. Asubuhi utajuaje? Chukua karatasi na kalamu, tenga dakika 20, wala usifumbe macho. Ifuate siku hiyo saa kwa saa: unaamka saa ngapi, unampigia nani simu, unaandika nini, unakaa kiti kipi. Kila mstari uanze na kitenzi.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Wanaandika: "Sitaogopa. Sitatetemeka. Sitajali watu wanasema nini." Ogden Lindsley, mtaalamu wa tabia, aliacha kipimo kizuri cha sentensi za namna hii: kama maiti anaweza kulifanya, hicho si kitendo. Maiti haogopi, hatetemeki, hajali. Sentensi ya aina hiyo ifute uweke jambo ambalo mtu aliyesimama mlangoni angeliona: "Ningeuliza swali moja katika dakika kumi za kwanza za mkutano." "Ningetuma maombi ya kazi siku hiyohiyo nilipoliona tangazo." Kisha jiulize nani angekuwa wa kwanza kuitambua tofauti, na angeona nini hasa. Mwisho jipe alama kutoka 0 hadi 10, ambapo 10 ni siku ya muujiza. Ukijipa 3, usikimbilie kuuliza utafikaje 10. Uliza kwanza kwa nini si 1, maana jibu lake litakuonyesha unachokiweza tayari. Halafu uliza 4 ingekuwa na kitendo gani ambacho 3 haina. Hicho kimoja ndicho kazi ya wiki.

Kitendo kikipatikana, kifungie kikwazo chake. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alionyesha mwaka 1999 faida ya kupanga kwa "ikiwa" na "basi", na Oettingen akauunganisha mpango huo na njozi: taja unachokitaka, taja faida yake kubwa kuliko zote, taja kikwazo kilicho ndani yako, kisha panga. "Ikiwa mwenyekiti atauliza kama kuna swali, basi nitainua mkono kabla sijahesabu tatu." Kikwazo kiwe chako kweli. Anayeandika "bosi ni mkali" ameandika habari za bosi. Kikwazo chake ni ile sauti inayomwambia ngoja kidogo.

Baada ya hapo inakuja ngazi, yaani kuikaribia hofu hatua kwa hatua, na ngazi ni kazi ya zamani. Mwaka 1924 mwanasaikolojia Mary Cover Jones aliandika namna mtoto aliyeogopa sungura alivyozoezwa kwa kusogezewa mnyama huyo kidogokidogo huku akila chakula anachokipenda. Joseph Wolpe, daktari wa akili mzaliwa wa Afrika Kusini, akaipa hofu vipimo vya 0 hadi 100. Andika hali nane hadi kumi zinazokutisha, kila moja na namba yake. Kwa anayeogopa kuongea mbele za watu, kusoma kwa sauti peke yake kunaweza kuwa 20. Kusikiliza rekodi ya sauti yake hadi mwisho, 35. Kuuliza swali mkutanoni, 45. Kutoa taarifa ya dakika mbili kwa watu watatu, 60. Dakika kumi mbele ya watu kumi na watano, 75. Maswali ya papo kwa papo, 90. Anzia 30 au 40. Ukianzia 90 ukashindwa, umejifundisha kwamba ulikuwa na haki ya kuogopa. Ukianzia 10, hujajifunza kitu.

Kabla ya kila hatua andika utabiri wako pamoja na kiwango cha uhakika: "Sauti itakatika, watacheka, asilimia 80." Ukimaliza, andika kilichotokea. Usiruke kipengele hiki hata kama kinachosha, kwa sababu ubongo hujifunza pale utabiri unapokosea, na usipouandika utasahau kwamba uliwahi kutabiri vibaya. Katika utafiti mmoja uliochapishwa Marekani mwaka 2020, watu wenye wasiwasi uliokithiri waliandika mahangaiko yao kisha wakayafuatilia. Takriban asilimia 91 hayakutimia.

Makosa ya ngazi hii yanajulikana. La kwanza ni kutoka wakati hofu iko kileleni. Nafuu unayoipata mlangoni ni tamu sana, na ubongo unaandika kwamba kukimbia ndiko kulikokuokoa. Kaa mpaka ujue kama ulichotabiri kimetokea au la, hata kama moyo bado unapiga. La pili ni mkongojo wa siri, yaani kitu unachokiegemea ili hofu isikufikie: simu mkononi, kiti cha karibu na mlango, kusoma neno kwa neno, kukariri sentensi kabla ya kusema "habari". Mwanasaikolojia Paul Salkovskis alilieleza jambo hili mwaka 1991. Ukifaulu ukiwa na mkongojo, sifa zinakwenda kwa mkongojo. La tatu ni kufanya mara moja kwa mwezi. Mara nne au tano kwa wiki ndiyo mwendo. La nne ni kufanyia mahali pamoja na watu walewale. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, maana yake hofu husambaa hadi kwa vitu vinavyofanana na kile cha kwanza. Basi na zoezi lisambazwe vivyo hivyo, vyumba tofauti, saa tofauti, nyuso tofauti.

Kuhusu pumzi, ambayo kila mshauri anaitaja: vuta kwa hesabu ya nne, toa kwa hesabu ya sita, polepole, dakika tatu, kabla ya kuingia. Hiyo ni karibu pumzi sita kwa dakika. Wanaoambiwa "vuta pumzi ndefu" hujaza kifua kwa nguvu na haraka; hewa ya ukaa inapungua katika damu, kichwa kinazunguka, vidole vinawasha, na mtu anadhani hofu imezidi kumbe ni pumzi. Na ukiwa unavuta pumzi ili hofu isiwepo kabisa, hiyo pumzi nayo imegeuka mkongojo. Kujiambia "tulia" pia hakusaidii sana. Mtafiti Alison Wood Brooks alionyesha mwaka 2014 kwamba waliojiambia wana hamasa kabla ya kuhutubia walifanya vizuri kuliko waliojiambia watulie. Moyo unaodunda ni vigumu kuutuliza, ila ni rahisi kuubadilishia jina.

Kujitilia shaka ni ugonjwa mwingine, japo watu huuchanganya na hofu. Hofu husema kuna baya litakuja. Shaka husema mimi sitoshi. Wanasaikolojia Pauline Clance na Suzanne Imes waliieleza mwaka 1978, walipowasikiliza wanawake zaidi ya 150 waliofanikiwa sana masomoni na kazini, ambao bado waliamini wamewadanganya watu na siku moja wangeumbuka. Mafanikio hayakuwaponya, kwani sifa ya kila ushindi waliipa bahati au huruma ya wengine. Dawa yake ni daftari lenye safu tatu: nilifanya nini, kilihitaji ujuzi gani, na nani mwingine alichangia. Safu ya tatu ni muhimu, kwa sababu bila hiyo daftari linakuwa la majigambo na mwenyewe hataliamini. Andika siku hiyohiyo; ukingoja wiki, shaka imekwisha lihariri.

Lakini tusiwadanganye wasomaji: shaka nyingine inasema kweli. Anayejiona hajui hesabu za kazi yake pengine hajui. Huyo hahitaji kutiwa moyo, anahitaji somo. Kipimo chetu ni kuuliza: shaka hii inataja ujuzi mmoja, au inanihukumu mimi mzima? Ikitaja ujuzi, nenda kajifunze kwa saa kadhaa zinazohesabika. Ikihukumu mtu mzima, ilazimishe itaje ujuzi. Mara nyingi haina wa kutaja. Mwanasaikolojia Albert Bandura, aliyeandika mwaka 1977 juu ya mtu kuuamini uwezo wake, alitaja vyanzo vinne: kufanya mwenyewe ukafaulu, kumwona wa kiwango chako akifaulu, kuambiwa na wengine, na hali ya mwili. Cha kwanza ndicho chenye nguvu kuliko vyote. Magazeti, pamoja na hili, yanaweza kutoa cha tatu tu.

Kwa wale wanaohakiki barua mara kumi kabla ya kuituma: soma mara mbili, moja kwa maana na moja kwa tahajia, kisha tuma. Kusoma kwa mara ya tatu na kuendelea ni mkongojo.

Kuna wasiopaswa kupewa zoezi hili hata kidogo. Anayepigwa nyumbani au kutishwa kazini ana hofu iliyo sahihi, na kumwambia ajione bila hofu ni kumzimia king'ora nyumba ikiungua. Huyo atafutiwe usalama kwanza. Aliyepitia tukio la kutisha linalomrudia ndotoni asipande ngazi peke yake. Maumivu ya kifua yachunguzwe na daktari kabla hayajaitwa wasiwasi. Na hofu iliyodumu miezi sita huku ikimzuia mtu kazi, masomo au mahusiano imeshapita uwezo wa ukurasa wa gazeti.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni dogo. Zoezi hilo likichapishwa tena, liachiwe chini yake nafasi ya mistari mitano msomaji ajaze kwa kalamu: kitendo, siku na saa, namba ya hofu, utabiri wangu, kilichotokea. Mstari wa mwisho uwe mpana kuliko mingine.

Ni sisi wasomaji wako,
Wanasihi