Risala ya wahitimu wa uuguzi na ukunga kwa mgeni rasmi, Dodoma

Ndugu mgeni rasmi, Mkuu wa chuo, wakufunzi wetu, wazazi na walezi, itifaki imezingatiwa.

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako ukaja kukaa nasi kwenye jua hili la Dodoma. Historia ya chuo unaifahamu, hivyo leo tunakuletea jambo moja tu: upasuaji wa tumbo kwa matundu madogo.

Ndugu mgeni rasmi, mwaka 1985 huko Ujerumani, Dkt. Erich Mühe alitoa mfuko wa nyongo bila kulipasua tumbo kwa mkato mrefu. Wenzake walimbeza. Leo njia hiyo ndiyo ya kawaida katika hospitali nyingi duniani. Tumbo hujazwa gesi ya kabonidayoksaidi ili ukuta wake uinuke, kamera hupitishwa kwenye tundu la kama sentimita moja, na daktari hufanya kazi akitazama skrini.

Si kila mgonjwa anaifaa njia hii. Ila kwa mama wa Kongwa au Bahi, ukubwa wa kidonda unagusa hadi chungu cha nyumbani. Aliyepasuliwa mkato mrefu hukatazwa kuinua mizigo kwa wiki kadhaa. Mvua zetu ni za msimu mmoja. Zikimkuta kitandani, nani atampalilia mtama? Mwenye matundu madogo kwa kawaida huumia kidogo, na hurudi kwake mapema.

Ndugu mgeni rasmi, katika chumba cha upasuaji huo muuguzi ndiye anayehakikisha mtungi wa gesi haujaisha. Ndiye anayeipasha lenzi joto isizibwe na ukungu, na ndiye anayesugua ndani ya vile vifaa virefu, vyembamba, ambamo damu hujificha. Hayo tumeyasoma darasani. Kwa mikono yetu hatujayagusa, na jambo hilo linatuuma.

Tunaomba sanduku la mazoezi lenye kamera, skrini na koleo ndefu za kushikia. Humo mwanafunzi huhamisha punje za mahindi kutoka kikombe hadi kikombe, mpaka azoee kwamba mkono ukienda kulia, ncha ya koleo huenda kushoto. Hata vifaa chakavu vilivyokwisha kuondolewa kwenye matumizi tutavipokea, tujifunzie kuvifungua na kuvisafisha.

Sisi tunaondoka. Tunawaombea wadogo zetu wa mwaka wa kwanza.

Tunaomba kuwasilisha.