Jumamosi: Mabogini, majaruba na barabara za vumbi
Habari za jioni wapendwa. Kwa matembezi yetu ya kupiga picha, tukutane stesheni ya reli Moshi saa 11 na nusu alfajiri. Msichelewe, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, hujifunika mawingu mapema. Tunashuka kwa bodaboda hadi majaruba ya mpunga ya Mabogini. Nauli mkubaliane kabla ya kupanda.

Chuchumaa, kamera iwe sentimita 20 hivi juu ya maji, upige kabla upepo haujavuruga taswira ya mlima majini. Polaraiza (kichujio cha mbele ya lenzi cha kukata mng'ao) vueni, inafuta taswira hiyo. Wa simu: gusa theluji kwenye skrini, kisha shusha mwanga, la sivyo inatoka nyeupe tupu.

Lenzi msibadilishie barabarani. Vumbi laini kama unga hung'ang'ania kwenye sensa, kile kipande cha ndani ya kamera kinachonasa picha.

Tembeeni juu ya matuta tu, miche bado michanga. Na wanaopandikiza waamkieni, muwaombe ruhusa kwanza.